Chuma Kilichopakwa Bluu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, Felisiani alipochovya brashi kwenye kopo la rangi ya bluu. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kukereza vyuma pale Malangali, mjini Sumbawanga, mtu mwenye banda lake, mashine yake na hasira zake. Baada ya hapo, kwa karatasi na muhuri, akawa mpaka rangi. Na hakuna adui aliyemfanyia. Alijifanyia mwenyewe, kwa mkono uleule wa kulia aliojifunzia kazi.

Felisiani aliishia darasa la tano. Kazi aliipata kwenye karakana ya misheni, kwa Bruda mmoja aliyefundisha kwa kuonyesha mara moja na kuzaba kofi mara mbili. Karakana ilipofungwa na mitambo kuuzwa, mkewe Cornelia aliuza ulezi wa misimu miwili pamoja na ng'ombe mmoja, mashine ya kukereza ikahamia Malangali kwenye banda la mabati. Ilikuwa mashine nzito, ya zamani, yenye maandishi ya Kijerumani ambayo Felisiani hakuyaelewa lakini aliyafuta vumbi kila asubuhi. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: unafunga kipande cha chuma, kinazunguka, unakisogezea kisu, kinamenyeka kama kiazi mpaka kibaki kile unachokitaka. Maganda yanaanguka chini.

Maganda hayo yalikuwa ya Cornelia. Yeye aliishi kijijini, upande wa barabara ya kwenda Kate, akilima mahindi na ulezi, na mumewe alikuwa akirudi nyumbani kila Jumamosi. Lakini mwisho wa mwezi Cornelia alipanda gari akaja mjini, akafagia chini ya mashine, akachambua: shaba gunia lake, chuma gunia lake. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaokwenda Tunduma walimjua kwa jina na walimwogopa kwenye mizani.

"Wewe unauza kilichobaki kwenye mashine," alikuwa akimwambia mumewe, "mimi nauza kilichoanguka. Tuone mwezi huu nani atanunua sabuni."

Mwezi Machi 2022, gari la wagonjwa la kituo cha afya cha kule kijijini lilikatika pini ya springi ya nyuma. Ni kipande cha chuma kirefu kama shubiri, kinene kama dole gumba la mkulima. Bila hicho gari haliendi kokote. Likapandishwa juu ya mawe, na dereva wake, Tadei, kazi yake ikawa kufukuza kuku wasitage ndani. Felisiani alipokuja Jumamosi akapima, Jumatatu akakereza pini mpya kwa dakika arobaini, na Jumamosi iliyofuata akaipeleka, bure, imefungwa kwenye gazeti. Ofisi inayohusika na magari ikamrudisha nayo. Hakuwemo kwenye orodha ya watoa huduma. Pini imeagizwa Dar es Salaam, wakamwambia, kwa utaratibu.

Utaratibu ulikuwa bado uko njiani, siku ya kumi na tisa, Cornelia alipoanguka shambani ameshika tumbo. Walimbeba kwenye tela la pawatila, kile kitrekta cha kuongozwa kwa mikono, kwenye matope, kuja mjini. Wao walifika. Yeye hakufika. Pini ya Dar es Salaam ilikuja wiki mbili baada ya mazishi, ndani ya boksi zuri.

Tangu hapo pini ya Felisiani ilining'inia kwenye msumari, ukutani, juu ya mashine. Kila Jumamosi aliishusha, akaipaka grisi isishike kutu, akairudisha. Na tangu hapo alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, wala hakulificha: jina lake liingie kwenye ile orodha. Si kwa ajili ya hela. Alitaka siku nyingine gari likikatika pini, asiwepo mtu wa kumwambia wewe humo.

Mengine yote aliwaachia wakubwa, kwa lawama. Mbolea ikichelewa, wakubwa. Barabara ikiliwa na mvua, wakubwa. Baridi ya Juni ikizidi, alitazama upande wa maofisini kana kwamba kuna mtu kule kaacha mlango wazi.

Mwezi Mei 2024 ukaingia mjini Mradi wa Kiwanda Mkononi. Ulikuja na magari mawili, bango moja, tisheti mia mbili na sanduku lenye printa. Mratibu wake aliitwa Steven, mtu wa miaka arobaini hivi, shati limenyooshwa mpaka kwenye kola, anayeongea kama anayesoma mahali. Mtaalamu wa printa alikuwa Sharon, binti wa Dar es Salaam aliyekuja na masweta matatu na kuyavaa yote kwa pamoja.

Printa hiyo haikuchapa karatasi. Ilichapa vitu. Uzi wa plastiki unaingia juu, unayeyuka, halafu kimdomo kidogo kinaudondosha mstari juu ya mstari, kama mtu anayemimina uji mzito bila kuinua mkono, mpaka kitu kinasimama chenyewe: kikombe, kifungo, gurudumu. Hakuna ganda linaloanguka. Hilo la maganda Steven alilipenda kuliko yote.

"Wazee wangu," aliwaambia mafundi kwenye mkutano, "njia ya zamani inaondoa. Unanunua kilo tatu, unatupa mbili. Njia ya kisasa inaongeza. Unatumia kile tu unachokihitaji. Sasa tunazilinganisha kwa gharama, kisayansi, bila upendeleo. Itakayoshinda ndiyo itaingia kwenye orodha ya kutengeneza vipuri vya magari na mitambo ya umma."

Felisiani, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya chai na sambusa, aliacha kutafuna.

Kipande cha kushindania kilikuwa bushi ya mashine ya kukoboa mahindi ya Bundala. Bushi ni kama pete ndefu. Mhimili wa mashine unazunguka ndani yake usiyumbe. Bundala ni Msukuma aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake, akachoka na kesi za mashamba ya watu, akauza nusu ya ng'ombe na kununua mashine ambayo, kwa maneno yake, "haili mahindi ya jirani mpaka jirani ayalete mwenyewe."

Felisiani alinunua kipande cha ekseli chakavu ya Fuso, akakikereza. Saa moja na nusu, kazi imekwisha, akaiweka bushi kwenye kitambaa kama yai. Printa ya Sharon ilianza Jumatatu. Saa ya saba umeme ukakatika, kitu kikaharibika, ikabidi kuanza upya. Mara ya pili bushi ilibanduka kwenye sahani yake katikati ya kazi na printa haikujua. Ikaendelea kutema uzi hewani mpaka ikajaza ndoo mbili za tambi za bluu. Mara ya tatu, baada ya saa tisa, ikatoka bushi. Ilikuwa nzuri kweli. Hata Felisiani aliigeuza mkononi muda mrefu kabla ya kuisonya.

Siku ya hesabu, Steven alibandika karatasi ubaoni na kusoma.

"Bushi ya kuchapa. Plastiki, elfu saba na mia nane. Umeme, elfu moja na mia moja. Jumla, shilingi elfu nane na mia tisa. Bushi ya kukereza. Chuma, elfu kumi na mbili. Ufundi, elfu kumi na tano. Umeme, elfu tatu. Hasara ya maganda, elfu saba. Jumla, shilingi elfu thelathini na saba. Wazee, namba hazina ndugu."

Makofi yakapigwa. Waliopiga sana ni wale wa tisheti.

"Baba Vitus," Bundala alimnong'oneza Felisiani kwa kumwita jina la mtoto wake, "nyie Wafipa mnasifiwa uchawi wa radi nchi nzima. Mbona huyu anaongea mpaka anamaliza?"

"Siku hizi hata radi inadaiwa risiti," Felisiani akajibu, akainua mkono. "Mheshimiwa mratibu, mimi ni wa darasa la tano, nisaidie. Chuma nilinunua kwa elfu kumi na mbili. Maganda yametoka kwenye chuma hichohicho?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo yamo ndani ya elfu kumi na mbili."

"Yamo."

"Halafu ukayatoza tena elfu saba."

"Ni hasara, mzee. Hasara lazima ionekane."

"Umenitoza kuku mzima, halafu ukanitoza na manyoya." Watu wakacheka. "Tena manyoya yenyewe yana mnunuzi. Mke wangu alikuwa anayauza, ndiyo sabuni ya nyumbani."

"Vizuri. Mama yupo athibitishe?"

Kicheko kikakatika. Bundala akakohoa, akaangalia viatu vyake. Steven alingoja jibu, kalamu mkononi, kwa nia njema kabisa.

"Hayupo," Felisiani alisema.

"Basi tuandike haijathibitishwa."

Felisiani hakukaa. "Na huyu binti, mshahara wake uko mstari gani?"

"Huyo analipwa na mradi."

"Printa je?"

"Ni msaada. Gharama yake sifuri."

"Ndoo mbili za tambi?"

"Yale yalikuwa majaribio."

"Magari mliyojia? Hoteli? Hizi sambusa?"

"Mzee, tusitoke nje ya mada."

"Mimi mashine yangu nililipia kwa ng'ombe," Felisiani alisema, "na kila siku ninayoiwasha namlipa yule ng'ombe. Yenu imeshuka mbinguni. Sasa mtu akipewa shamba, jembe na mbegu bure, ana haki ya kumcheka jirani yake kwamba mahindi yake ni ghali?"

"Hoja yako imepokelewa," Steven alisema, na hakuandika chochote.

Jioni ile Sharon alifika bandani peke yake, mikono ndani ya masweta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunipima hasara iliyobaki?"

"Nimekuja kuona mashine." Akaizunguka, akaigusa, akainama. "Hili gurudumu la meno limevunjika."

"Mwaka wa sita. Bila hilo sikati nyuzi za bolti. Hakuna duka linaloliuza, na waliolitengeneza wameshakufa wote."

Sharon akatoa kalipa yake, akapima, akaondoka bila kuaga vizuri. Kesho yake alirudi na gurudumu la bluu. Felisiani alilifunga kwa dharau, akawasha mashine, na mashine ikakata nyuzi za bolti kwa mara ya kwanza tangu Cornelia alipokuwa hai. Alizima. Akawasha tena, kuhakikisha.

"Hilo lingekugharimu mashine nyingine ya kukata meno na siku mbili," Sharon alisema. "Kwangu ni saa nne na plastiki ya elfu mbili, kwa sababu lina umbo la shida na halibebi mzigo. Lakini ile bushi ya Bundala, hapana. Ni duara tu, na inakaa kwenye joto. Pale wewe ndiye rahisi, baba. Nimewaandikia. Wameniambia niache siasa."

Felisiani alitafuta tusi la kumjibu, akakosa. Mtu wa wakubwa akisema kweli humharibia mtu ratiba.

"Tafuta kofia," alimwambia. "Baridi hii itakuua." Kwa Felisiani, hiyo ilikuwa asante ya mwaka mzima.

Sasa turudi kwenye ile Jumanne. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tano, aje ashuhudie bushi ya kuchapa ikifanya kazi kwenye mashine ya Bundala. Steven, mtu mwangalifu, alitaka ijaribiwe kwanza saa mbili. Ikafungwa, mashine ikawashwa, mahindi yakamiminwa. Dakika ya tano ilikuwa shwari. Dakika ya nane kukatoka harufu kama ya ndala iliyoangukia jikoni. Dakika ya kumi na moja bushi ililegea kama mshumaa, mhimili ukaruka, mkanda ukachomoka, na pumba zote za asubuhi zikahamia kwenye shati la Steven.

"Mheshimiwa," Bundala alisema, "hasara hiyo nayo lazima ionekane."

Steven alimshika Felisiani mkono, akamvuta nyuma ya jengo. Pumba zilikuwa zimempandisha umri ghafla.

"Mzee wangu. Ile bushi yako uliyokereza unayo?"

"Ninayo."

"Saizi ni ileile?"

"Bushi ni bushi."

"Naomba tuifunge hiyo. Ila…" akatazama pembeni, "tuipake bluu. Kwa leo tu. Huyu mgeni akiondoka hivihivi, mradi umekufa, na orodha imekufa nayo. Hakuna atakayeingia, si mimi, si wewe. Ukiniokoa leo, jina lako linaingia wiki ijayo. Naapa kwa watoto wangu."

Sharon alikuwa amewafuata. "Baba, usikubali. Waache waone ilivyoyeyuka. Umeshinda tayari, hujaona? Umeshinda!"

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angekaa juu ya tofali, akakunja mikono na kungoja saa tano ifike. Felisiani alijua hivyo. Lakini alikuwa ameona katika maisha yake watu wengi walioshinda na wasiandikwe popote. Alichotaka yeye ni kuandikwa. Akilini akaiona ile pini kwenye msumari. Akaliona tela la pawatila.

"Wewe binti una mshahara," alimwambia Sharon. "Mimi nina msumari tu."

Sharon hakuelewa, na hapakuwa na muda wa kumweleza. Bundala alikuwa na nusu kopo la rangi iliyobaki kwenye mlango wa mashine, bluu ya mafuta. Felisiani akachovya brashi. Kwa baridi ya asubuhi ile rangi ilikataa kukauka, ikabidi bushi ikabanikwe juu ya jiko la mama muuza chai, katikati ya maandazi, huku Steven akiipepea kwa ratiba ya sherehe.

Saa sita kasoro mgeni rasmi aliwasili. Walimpa ashike bushi nyingine ya plastiki, iliyochapwa baadaye kama akiba.

"Nyepesi!" alishangaa. "Nyepesi kama unyoya!"

Kisha mashine ikawashwa, ikakoboa magunia manne mfululizo bila kutetemeka, ikizungukia kwenye chuma cha ekseli ya Fuso. Mgeni rasmi alihutubia kwa nusu saa. Alisema leo Ufipa imeaga zama za kukwangua chuma. Alisema wapo wazee wanaoogopa mabadiliko, na akamtazama Felisiani kwa huruma, kwa sababu Felisiani ndiye aliyekuwa mzee wa karibu. Na Felisiani, vidole vya bluu amevificha mifukoni, alipiga makofi kwa kugonga miguu.

"Baba Vitus," Bundala alimwambia wakirudi, "leo umeshindwa na bushi yako mwenyewe. Hata kwetu Usukumani sijawahi kuona."

"Subiri wiki ijayo," Felisiani alisema.

Wiki ijayo ilifika. Orodha ikabandikwa. Steven hakuwa mwongo: jina la Felisiani lilikuwemo, namba arobaini na saba, kwa herufi kubwa. Mbele yake pameandikwa: *Huduma ya umaliziaji (kupaka rangi)*.

Alikwenda ofisini na kofia mkononi.

"Mheshimiwa, mimi ni mkerezaji."

"Mzee, niliahidi jina, na jina limeingia."

"Limeingia kupaka rangi."

"Sasa nikuandike umekereza nini? Bushi iliyoshinda ni ya kuchapa, mgeni rasmi ameishika kwa mikono yake. Mchango wako ulioonekana ni rangi." Akamfungulia ripoti kwa upole, kama anayemwonyesha mgonjwa picha ya kifua chake. Bushi ya kuchapa, elfu nane na mia tisa; rangi, mia tano; jumla, elfu tisa na mia nne. Imefanya kazi bila hitilafu. Bushi ya kukereza: *haikushiriki hatua ya mwisho*.

"Hiyo inayokoboa kwa Bundala mpaka leo ni yangu."

"Mzee, ukisema hivyo sasa, utaonekana ulimdanganya mgeni rasmi."

Felisiani alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alimtafuta mkubwa wa kumlaumu, na aliyejitokeza mbele kabisa, kabla ya wakubwa wote, alikuwa mzee mmoja wa Malangali mwenye vidole vya bluu. Akaufunga. Akavaa kofia.

Kwa sababu ya ripoti ile, ikaamuliwa printa ya pili iende Laela. Sharon aliandika barua ndefu ya kupinga, akarudishwa Dar es Salaam kabla ya masweta kuchakaa. Printa ya Sumbawanga ikawekwa kwenye kabati la kioo ofisini. Mwezi Agosti plastiki ikaisha. Nyingine ikaagizwa, kwa utaratibu.

Jumatano, tarehe 22 Januari 2025, mvua ikinyesha kama inamwagwa kwa ndoo, Tadei alishuka kwenye bodaboda mbele ya banda, amelowa mpaka soksi. Mkono mmoja ameshika vipande viwili vya chuma, mwingine fomu ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tadei. Usiniambie."

"Pini ya springi. Upande uleule."

"Kuna mgonjwa?"

"Kuna mama, mtoto kamkalia vibaya tumboni. Nesi anasema mwisho wake jioni hii awe amefika mjini. Nimetoka ofisini kupeleka fomu ya kuchapa pini."

"Wamesemaje?"

"Wameigonga muhuri. Imeidhinishwa." Tadei akapangusa uso. "Ila plastiki haipo. Wanasema labda Machi."

"Pini ya springi, ya plastiki," Felisiani alisema polepole. "Machi."

"Ndiyo maana nimepita hapa. Sehemu ya pili ya fomu ni ya mtu wa rangi, na mtu wa rangi ni wewe. Nimekuja ujaze tu, nisirudi mikono mitupu."

Felisiani hakuwasha mashine. Alinyoosha mkono, akaishusha pini kutoka kwenye msumari. Grisi ya Jumamosi ilikuwa bado inang'aa. Aliilinganisha na vile vipande viwili vilivyovunjika. Ilikuwa ileile, ilikuwa imengoja gari lilelile.

Tadei alirudi nyuma hatua moja. "Mzee, hiyo naijua. Ile siku nilikuwepo, walipokurudisha. Na siwezi kuifunga hata leo. Kikikutwa kwenye gari kitu kisichokuwa kwenye orodha, mimi ndiye nalala ndani. Dereva aliyenitangulia walimkata mshahara kwa ajili ya taa moja."

"Kwenye orodha kuna nini?"

"Vya kuchapa tu. Vya bluu."

Walitazamana. Mvua ilikuwa inapiga bati. Felisiani ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau namna ya kucheka, halafu Tadei naye, mpaka yule wa bodaboda akachungulia. Kopo lilikuwa chini ya meza. Bluu ilikuwa imeganda juu, akaitoboa kwa bisibisi. Akaipaka pini ya Cornelia sehemu ya kichwani tu, ile itakayoonekana; kiwiliwili akakiacha kilivyo, chuma na grisi.

"Haijakauka, mzee."

"Itakaukia njiani. Nenda!"

"Fomu je?"

"Fomu nitaipeleka mwenyewe. Nenda, Tadei!"

Saa tisa alasiri gari lilishuka kwenye mawe. Saa kumi na mbili kasoro lilipita mbele ya banda, taa zinawaka, tope mpaka kwenye vioo, Tadei akapiga honi mara tatu bila kupunguza mwendo. Mama yule alifika. Mtoto naye alifika.

Felisiani alikuwa amekaa na fomu mbele yake, na kalamu aliyoazima kwa Bundala. Mistari mingi ilikuwa imejazwa kwa kompyuta kabla haijamfikia. Njia iliyotumika: *kuchapa*. Hasara ya maganda: *hakuna*. Gharama ya ufundi: *sifuri*. Alijaza jina lake kwenye mstari wa rangi. Ukabaki mstari mmoja mtupu, ule wa *muda uliotumika kutengeneza kipuri*, na chini yake nafasi ndogo ya maoni. Aliukalia mstari huo mpaka Bundala akaja kudai kalamu yake.

Asubuhi aliipeleka fomu ofisini. Wakaigonga muhuri wa imepokelewa, wakaiweka kwenye faili, na kipuri kikahesabiwa kuwa cha pili cha kuchapa kufanya kazi bila hitilafu mkoani. Mstari wa muda ulikuwa bado mtupu. Kwenye nafasi ya maoni, kwa mwandiko mkubwa wa darasa la tano, Felisiani alikuwa ameuliza, na mpaka leo hakuna aliyemjibu: "Pini hii niliikereza kwa dakika arobaini, mkaikataa, mke wangu akafa, ikaning'inia ukutani miaka miwili na miezi kumi mpaka ilipopakwa bluu. Niandike muda upi?"